Mama Amira Huonja Kwanza

Kama hukuwahi kunywa chai ya Mboni wa Mtaa wa Mchikichi, basi Kariakoo ulipita tu, hukufika. Wateja walimwita Mama Amira, kwa jina la bintiye, na asubuhi yoyote ungemkuta kwenye baraza la lile duka la pembeni, amesimama. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mkono mmoja kwenye birika, mwingine kwenye chujio, jicho moja kwa vitumbua na jingine kwa mteja mwenye tabia ya kunywa huku anaondoka.

Alitoka Masasi akiwa msichana, akafikia kwa shangazi yake Gerezani, na baraza lile alilianza enzi za duka la ushirika, watu wakipanga foleni ya sukari tangu kabla ya jua. Foleni ndiyo iliyomweka mjini. Walimuuliza, wewe sukari ya chai unaipata wapi, na sisi tunalala hapa kuisubiri? Akawajibu, kunywa, usipeleleze. Wakanywa.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kuagiza na kuuza. Foleni zikafa, madirisha ya maduka yakajaa sabuni za kila rangi, redio na viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya. Duka la ushirika likauzwa. Aliyelinunua aliitwa Tarsis, ofisa wa shirika moja la umma mpaka shirika lenyewe nalo lilipouzwa. Ndipo akavua suti ya Kaunda akavaa tai, akawa mwagizaji wa bidhaa. Alinunua duka na baraza lake, na Mboni akawa kitu kilichokutwa juu ya baraza.

Hakumwambia aondoke. Akufukuzaye hakwambii toka. Alianza na makasha mawili, akaongeza chungu cha ua lenye miiba, wiki iliyofuata chungu kingine. Kila chungu kilipokuja, Mboni alisogeza jiko lake.

"Mama Amira, haya maua yatafika kwenye birika," Shaibu alimwambia siku moja. Shaibu alikuwa kijana wa Newala aliyeuza mikanda ukingoni mwa baraza hilohilo, mikanda yote ikining'inia begani.

"Yakifika nitayapikia chai."

Alisema hivyo kwa sababu ulimi wake haukujua kunyamaza, lakini usiku usingizi haukuja. Baraza lile ndilo lililomsomesha Amira. Hakuwa na jingine.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue kumhusu mwanamke huyu. Kabla hajammiminia mteja yeyote, alijimiminia mwenyewe kikombe cha kwanza na kukinywa hadharani mpaka mwisho. Kutoa uchawi, ndivyo tunavyoita: mwenye chakula huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna baya. Wauza chai wengine walishaiacha desturi hiyo, wakisema mji una haraka. Yeye hakuiacha. Siku moja aliamka na homa, kinywa kichungu, akamimina bila kuonja. Wateja walilitazama birika, wakatazamana, kisha kila mmoja akakumbuka safari yake. Chai yote ya siku ile ilimwagwa mtaroni.

Ulikuwa mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuning'inia viunoni mwa watu wenye vitambi. Ndipo Krupa alipotokea. Alizaliwa mitaa miwili kutoka pale, binti wa Kihindu aliyenywa chai ya Mboni tangu akiwa na sare ya shule, akaenda kusoma mambo ya lishe na dawa nje ya nchi, akarudi na miwani.

"Shikamoo, Mama Amira."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko kwenye masomo hawali?"

Krupa akacheka, akaeleza shida yake. Ndani ya jani la chai, alisema, mna kitu kinaitwa theanini. Wajapani wamekichunguza kwa miaka, na inaelekea kinamtuliza mtu bila kumletea usingizi. Akili inabaki kwenye kazi yake. Lakini waliopimwa wengi walikaa kwenye vyumba vya kimya. Yeye alitaka kuwapima watu wa Kariakoo, kwenye joto, kelele na mawazo.

"Nani kakwambia sisi tuna mawazo?"

"Hamna?"

Mboni akaitazama ile miiba. "Andika jina langu," akasema.

Masharti yalikuwa haya. Kila asubuhi mtu akoroge kipakiti kimoja cha unga kwenye maji, anywe. Wiki kadhaa unga wenye theanini, wiki nyingine unga mtupu, na hata Krupa mwenyewe hakujua ni upi mpaka mwisho, ili asijidanganye. Chai na kahawa marufuku, maana chai ina kitu hichohicho kinachopimwa. Na kila Alhamisi mtu afike kwenye zahanati moja ya binafsi kule Gerezani, apumzike kitini saa nzima, ateme mate kwenye kichupa, kisha akate kwa kalamu herufi fulani kwenye karatasi huku redio inapiga kelele. Kwenye mate, Krupa alisema, mwili huandika hofu yake.

Shaibu aliposikia habari ya mate alirudi nyuma hatua nzima. "Mate yangu nimpe mtu aende nayo? Niamke kesho nimekuwa chura?" Yeye hakujiandikisha. Mboni alijiandikisha kwa sababu ya ile sare ya shule.

Asubuhi ya kwanza ilimkuta kwenye njia panda. Wateja wamesimama, wanamngoja aonje. Na yeye ameahidi kutogusa chai. Asipoonja, wanaondoka, akionja, anavunja neno lake kwa Krupa. Alisimama na birika mkononi mpaka mtu mmoja akauliza kama leo kuna msiba. Basi akafanya lililomjia. Alichana kipakiti, akakimwaga chote ndani ya birika, akakoroga, akajimiminia kikombe cha kwanza na kukinywa. Kwa hesabu yake chai iliyotiwa dawa si chai tena, ni dawa, nayo ameinywa, wateja hawajakimbia, na hakuna aliyekula peke yake. Akafanya hivyo asubuhi zote za utafiti, bila kumwambia mtu, akiona ameupiga mwingi.

Alhamisi zake ndizo zilizomshangaza. Pale zahanati palikuwa na kiti cha plastiki chenye mikono, chini ya feni, na mlango ukifungwa hakuna anayesema niongezee, wala anayesema sogea. Alhamisi ya kwanza alikaa ukingoni, kama mtu anayengoja kuitwa. Ya pili aliegemea. Ya tatu alijisikia akipumua, akagundua kwamba tangu aje mjini hajawahi kukaa kitini saa nzima mchana bila kuuguza mtu. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa ncha ya khanga, akatema mate kwenye kichupa kama alivyoagizwa.

Aliyelipia vile vichupa na vipakiti alikuwa Tarsis. Alikuwa akiagiza shehena ya vidonge vya theanini, alivyovipa jina la Tulizo, na alitaka utafiti wa kuvisindikiza. Utafiti ulipokwisha alikwenda kwa Krupa kuuliza majibu, akachungulia asipopaswa, na akaona kwamba mate ya Mama Amira ndiyo yaliyotulia kuliko ya wote.

Jioni ile alikuja barazani na tabasamu ambalo Mboni hakuwahi kuonyeshwa.

"Mama Amira, nataka nikuchoree bango. Uso wako, chupa mkononi, na maneno: Mama Chai wa Mchikichi ametulia. Wewe je?" Akavigusa vile vyungu vya maua. "Haya yote nitayatoa. Nitakuezekea na kibanda. Hapa utazeekea."

"Na nikikataa?"

"Nitahitaji nafasi ya kupanga vidonge."

Mboni alifunika birika. Akamwambia ukweli kuhusu birika, kwamba vile vipakiti vilinywewa na nusu ya mtaa.

Tarsis aliwaza kidogo tu. "Hilo libaki kati yetu. Wewe si umetulia? Basi. Uzinduzi ni Jumamosi."

Usiku ule Mboni alijigeuza kitandani, na kilichomkosesha usingizi hakikuwa Tarsis. Tarsis alimjua. Kilichomchoma ni kwamba siku zote hizo aliwanywesha watu kitu bila kuwaambia, yeye ambaye jina lake lote lilisimama juu ya kikombe cha kwanza. Mficha uchi hazai. Asubuhi alikwenda kwa Krupa na kumweleza kila kitu.

Krupa alivua miwani, akaifuta. "Wale waliokunywa hawakudhurika," alisema, "kipakiti kimoja kwa birika zima ni kidogo mno. Lakini Mama Amira, ungeniambia siku ya kwanza! Tungetafuta njia."

"Niliona aibu, mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila vipimo vyako naviondoa. Na vilivyobaki havisemi anachotaka bwana Tarsis."

Jumamosi spika mbili zilifungwa mlangoni mwa duka, bango likafunikwa kitambaa chekundu, wapiga debe, wabeba mizigo na wanunuzi wakajaa mpaka katikati ya barabara. Tarsis alisema mji una mawazo na tiba imefika. Akamwita Mboni. Naye akatoka na khanga zake za kila siku, birika mkononi, akapokea maikrofoni kwa mkono mwingine.

"Mnanijua," alisema. "Siwapi kitu kabla sijakinywa mbele yenu. Lakini siku zile za utafiti nilikuwa namwaga unga wa kipimo ndani ya birika. Nilikunywa na ninyi mkanywa, ila sikuwaambia."

Manung'uniko yakapita kwenye umati. Shaibu alipaza sauti, na haikuwa sauti ya utani. "Mama Amira! Ulitutilia dawa?"

"Nilitia, Shaibu. Nimekosa. Asiyeweza kunisamehe asinywe tena kwangu, sitamlaumu." Akalionyesha bango kwa mdomo wa birika. "Lakini chini ya kitambaa hiki kuna uso wangu unaosema vidonge vya bosi vimenituliza. Sijameza hata kimoja. Mnajua kilichonituliza? Walinikalisha kwenye kiti! Saa nzima, chini ya feni, bila mtu wa kuniambia sogea. Wanaotaka nitulie wanipe kiti, wasinipe kidonge cha kunifanya nivumilie kusogezwa!"

Mtu mmoja akamgeukia Krupa, aliyesimama karibu na spika. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli," Krupa alisema. "Vipimo vyake nimeviondoa. Kwa wengine niliona tofauti ndogo tu, na ni mapema kusema lolote. Hicho kitu huenda kina faida. Sijui bado, na hakuna wa hapa anayejua."

Mboni alitua birika na maikrofoni, akafungua chupa moja ya Tulizo, akatoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja na kumnyoshea mwenye duka.

"Bosi, sisi huku mwenye chakula huonja kwanza. Toa uchawi."

Tarsis alicheka kidogo kwenye maikrofoni yake. "Mimi? Mimi sina mawazo, Mama Amira."

Alisema kwa nia njema kabisa, ndiyo maana iliuma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huko nyuma mvuta mkokoteni mmoja akaanza kucheka, kicheko kikapokelewa mtu kwa mtu, na watu wakaanza kutawanyika wakirudia maneno yale: hana mawazo, jamani, bosi hana mawazo! Kitambaa chekundu hakikufunuliwa.

Jumatatu alfajiri Mboni alikuta miiba imejaa baraza zima, na jiko lake limewekwa chini barabarani. Alilibeba, akavuka, akalitua upande wa pili, mkabala na mlango wa duka, penye kivuli kidogo cha ukuta. Kisha akaenda kununua kitu ambacho hakuwahi kukinunua maisha yake yote mjini. Akarudi nacho kichwani: kiti cha plastiki, chenye mikono.

Chai ilichemka. Hakuna aliyekuja. Wateja wake wa miaka walisimama ng'ambo, wakijifanya wanatazama viatu. Mboni alikaa kitini, akajimiminia kikombe cha kwanza na kuanza kukinywa taratibu. Shaibu alivuka barabara na mikanda yake, akasimama mbele yake bila salamu, akakitazama kikombe mpaka kikaisha.

"Leo umetia nini?"

"Tangawizi, iliki, na hasira."

Shaibu alilitazama birika, akamtazama na yeye. "Nimiminie," akasema. Nyuma yake watu wakaanza kuvuka, mmoja, kisha wawili, kisha barabara ikawa haipitiki.

Tarsis akatoka mlangoni na tai yake, mikono kiunoni, akipiga kelele juu ya vichwa vya watu. "Mama Amira! Unanizibia duka hapo! Sogea!"

Mboni aliegemea kiti chake, akapokea kikombe cha mteja anayefuata.

"Bosi," alimjibu, "upande huu bado hujaununua."

Wala hakuinuka.