Shamba Tulilokipa Chuo

Huku kwetu Majimoto mgeni hapewi makombo. Atapewa paja la kuku, hata kama watoto wa nyumba watabaki kulamba mchuzi. Kwa hiyo bwana mipango alipokuja kutoka wilayani, miaka ile ya sabini, akatuambia mkutanoni kwamba chuo kikuu kina mpango wa kufungua tawi la kilimo upande wetu na kijiji kitafute eneo, hakuna aliyefikiria kutoa ardhi ya kichanga ya mlimani. Baba yangu alisimama akatoa shamba letu la mpunga, lile la bondeni lenye udongo mweusi. Watu walipiga makofi. Mama hakupiga.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nililia mpaka macho yakavimba. Jioni ya mkutano ule baba aliniambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakishajenga kwenye shamba letu, watakuachaje wewe nje?" Kwamba chuo kikuu hakichukui mtoto wa darasa la saba, yeye hakujua, mimi sikujua, na mwalimu aliyejua alikaa kimya asije akaharibu sherehe. Yule mwalimu sijamsamehe mpaka leo.

Mvua zilipoanza hatukulima bondeni. Tulipanda mahindi kidogo kule juu, yakaishia magotini. Ndipo gari la serikali likarudi na watu wa kupima. Shamba lilikuwa limejaa maji, kama shamba zuri la mpunga linavyotakiwa. Mmoja wao alichomeka fimbo, ikazama kama kwenye uji.

"Nani kachagua hapa?" akauliza. "Hapa hata choo hakisimami."

"Ndiyo shamba zuri kuliko yote," baba alisema.

Walicheka, wala si kwa ubaya. Mwenyekiti akawakimbilia awaonyeshe eneo jingine, lakini walishapanda gari. Wakasema mpango utatazamwa upya.

Msimu uliofuata mama alisema, "Baba watoto, tulime." Baba akakataa. Kilichotolewa mbele ya watu hakirudishwi, alisema, na wakija wakakuta mpunga watatuona waongo. Tukawa tunakwenda kuvuna mpunga wa wenzetu kwa ujira wa kapu, sisi wenye bonde letu wenyewe. Niliona aibu, nikawa napita njia za nyuma. Bondeni magugu yaliota, ng'ombe wa watu wakapageuza malisho.

Msimu wa tatu nao ukaja. Mvua zikakolea, wenzetu wakapanda. Mama akanishika mkono. "Kamwambie wewe. Mimi hanisikii."

Nilimkuta kibarazani anasokota kamba. Nikasema, "Baba, chuo hakiji. Na hata kikija si cha mtu kama mimi. Tulime bonde."

Aliweka kamba chini. "Umekubali?"

"Nimekubali."

"Mimi nilijua siku ile ile ya gari," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nami nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimenyamaza kwa ajili yake. Tulikaa pale tusiweze hata kutazamana, na muda wa kupanda ulikuwa umeshapita.