Siku Susu Alipoketi Gredi ya Nne

Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka kumi na minne, na nilijiona stadi. Shule yetu iko upande wa Kathonzweni, na Gredi ya Nne niliyopewa mwaka huo ilikuwa na watoto arobaini na wanane. Mtindo wangu ulikuwa mmoja. Naeleza, naandika mfano ubaoni, nauliza, "Tumeelewa?" Wanaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha natoa maswali kumi. Daftari zikijaa tiki, mzazi anafurahi, mwalimu mkuu anafurahi, nami naenda nyumbani nikiwa nimeridhika.

Siku moja kengele ya chakula ilikuwa bado dakika mbili hivi. Kwa kupitisha muda tu, nikawauliza, "Ukiambiwa uchague thuluthi ya chapati ama robo ya chapati, utachukua gani?"

Darasa zima lilipaza sauti, "Robo!"

"Kwa nini robo?"

Mtoto wa dawati la mbele alinitazama kama mtu anayemwonea mwalimu wake huruma. "Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu."

Wiki hiyohiyo watoto hawa walikuwa wamepata kumi kwa kumi katika akisami. Nilienda ofisini nikakaa na sahani yangu ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, nikafungua tena daftari zao. Walijua mahali pa kuandika tatu na mahali pa kuandika nne. Kitu chenyewe hawakuwa nacho kichwani, na mimi ndiye niliyewasahihishia.

Jumamosi nilikaa na kupanga somo upya. Niliamua kuanza na swali wanaloweza kubishania, kisha kuwapa vitu vya kushika, halafu kunyamaza. Wangejaribu wenyewe, waje mbele waonyeshe walichopata, na mimi ningesema mwishoni, kwa maneno machache. Nilikata chupa za plastiki zenye kimo kimoja zikawa vikombe, nikaomba ndengu kutoka stoo ya shule.

Jumatatu somo liliharibika kabisa. Vikundi vilikuwa vya watoto kumi kumi. Wawili walishika vikombe, wanane walirushiana ndengu. Jirani yangu, mwalimu wa Gredi ya Tano, alikuja mlangoni kuuliza kama kuna nyoka. Jumanne nilipunguza vikundi vikawa vya wanne wanne, kila mtoto na kazi yake: wa kumimina, wa kukagua, wa kuchora, wa kueleza. Kufikia Jumatano kelele zilikuwa zimebadilika. Walikuwa wanabishana juu ya ndengu zenyewe.

Alhamisi asubuhi nyanya wa msichana mmoja wa darasa langu aliingia shuleni akiwa na daftari mkononi. Kwetu nyanya tunamwita susu, na huyu alijulikana na wengi kwa sababu anauza nafaka sokoni Mbumbuni. Mjukuu wake alikuwa mtoto wa kimya. Tangu muhula uanze sikuwa nimesikia sauti yake zaidi ya mara mbili.

"Mwalimu," susu alisema, baada ya kunisalimia vizuri, "hii daftari ni tupu. Wiki nzima hakuna tiki hata moja. Mtoto anasema mnacheza na ndengu. Sasa ndengu si angecheza nazo nyumbani?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, akingoja nijibu.

"Susu, una haki ya kuuliza," nilimwambia. "Lakini mimi nikieleza, nitakuwa nimekupotezea wakati. Ingia darasani ujionee."

"Mimi? Niketi na watoto?"

"Somo moja tu."

Aliketi dawati la nyuma, mkoba wake wa kiondo magotini. Niliandika ubaoni: Thuluthi na robo, ipi kubwa? Onyesha. Kisha nikaenda kusimama karibu na dirisha; mwalimu mkuu alibaki mlangoni.

Kikundi cha mjukuu wake kiligawa kikombe kimoja cha ndengu kwenye vikombe vitatu, wakavisawazisha, wakachora alama. Wakazirudisha zote, wakagawa tena kwenye vikombe vinne. Msichana alitazama alama ile.

"Zimepungua," alisema.

"Umemwaga zingine," mwenzake akamshtaki.

Waliinama chini ya dawati kutafuta. Hawakuona hata punje. Wakarudia mara ya pili, mara ya tatu. Nilipowaita mbele, wa kueleza alikuwa yule msichana. Nilidhani atakataa. Alinyanyua kikombe chenye alama, akasema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, "Tukiwa watatu kila mtu anafika hapa. Akiongezeka mmoja, kila mtu anapunguziwa. Kwa hivyo robo ni ndogo."

Darasa likaanza kuguna kwa kukubali, kikundi baada ya kikundi.

Susu alisimama, akatoa kwenye kiondo mkebe wake wa kupimia nafaka, akauweka mezani. "Hiyo hata mimi naijua. Sasa niwaulize. Mteja anataka robo ya gorogoro, na mimi niko na mkebe wa gorogoro peke yake. Nitampimia aje?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikaziba mdomo wangu kwa nguvu. Mvulana mmoja alisema tupime nusu kwanza. Mwingine akamuuliza, nusu utaijua aje na mkebe hauna alama? Ndipo yule msichana akaenda kwenye meza, akajaza mkebe ndengu mpaka mdomoni, akauinamisha polepole juu ya karai tupu. Ndengu zilimwagika mpaka ukingo wa kitako ukaanza kuonekana ndani. Hapo akaacha.

"Hii ndiyo nusu," alisema. "Nimekuona ukifanya, susu."

Susu alicheka hadi akashika dawati.

"Tutajuaje kweli ni nusu?" niliuliza. Ukiacha lile la ubaoni, hilo ndilo swali pekee nililouliza siku hiyo. Walimimina zilizobaki katika chombo kimoja na zilizomwagika katika kingine kinachofanana nacho, wakalinganisha. Zilikuwa karibu sawasawa. Nusu wakaigawa katika vikombe viwili, robo ikapatikana.

Mtoto mmoja akauliza, "Na thuluthi, unainamisha mpaka wapi?"

"Sijui," nilisema.

Katika miaka kumi na minne sikuwahi kutamka neno hilo mbele ya darasa, sembuse mbele ya mzazi na mwalimu mkuu aliyesimama mlangoni. Nilishangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. Watoto walifurahi kupita kiasi, wakaanza kuinamisha vikombe na kukisia.

Baada ya somo susu alinikabidhi ile daftari ya mjukuu wake. Nilidhani yameisha. "Nimeona ameelewa," alisema. "Lakini kesho akisahau, atasoma wapi? Ameandika wapi?"

Alikuwa amenipata. Katika shauku yangu ya kubadilisha kila kitu nilikuwa nimetupa kalamu pia. Kuanzia siku iliyofuata niliweka dakika kumi za mwisho kuwa za kuandika. Hakuna kunakili ubao. Kila mtoto anachora alichofanya na kuandika kwa maneno yake alichogundua, na mimi nasoma na kumjibu hapohapo kwenye ukurasa. Hilo si wazo langu, na nimewaambia hivyo walimu wenzangu kila nilipoitwa kuonyesha somo, hata tulipokutana Emali walimu wa shule nyingi. Nilimtaja susu kama mama mmoja muuza nafaka. Wengine walicheka, kisha wakaandika.

Kwenye mkutano wa wazazi baba mmoja alilalamika kwamba Gredi ya Nne ina kelele. Susu aliinuka kabla yangu. "Enda ukae huko ndani kwanza," alimwambia, "kisha uje useme."

Yule msichana hakugeuka kuwa msemaji. Hata sasa ni mtu wa maneno machache. Lakini alianza kuinua mkono, na akiinua, wenzake hugeuka kumsikiliza, maana wanajua hasemi bila kupima. Nami sasa hupanga somo kwa kujiuliza jambo moja kabla ya mengine yote: watoto watafanya nini kwa mikono yao kabla sijafungua mdomo? Nikikosa jibu, somo bado haliko tayari, na ninakaa tena chini kulipanga.