Kigunzi Kwenye Betri ya Daktari

Nina aibu moja ambayo nimewaficha wajukuu zangu wote, na ningekufa nayo kimya kama si gari la huyu Mwenda, mjukuu wangu wa hapa Kaaga, ambaye amenunua gari la umeme lisilonguruma wala kutoa moshi, na sasa kazi inampeleka ng'ambo miezi mitano, basi akaja juzi na funguo mkononi akaniambia, "Guka, ni kazi kidogo tu. Usiiache na chaji full, usiiache ikiisha, iache hapo nusu. Kila wiki mbili unaisongeza kidogo ndio tairi zisikae upande moja. Na hii betri ndogo ya mbele ndio ya kuchunga sana, hiyo ikikufa hata milango inakataa kufunguka."

Aliposema betri tu, mkono ukaenda nyuma wenyewe kuhakikisha kwamba suruali ipo (naomba radhi), na Kanana, mke wangu, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Heri niseme mwenyewe kabla hajasema yeye.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni. Mimi ni Mwembu, na wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nikifanya kazi nyumbani kwa daktari mmoja Mzungu aliyekaa huku juu Kaaga, Meru. Siku hizo hukuweza kutoka kwenu ukakaa kwa watu bila pasi, na pasi yangu ilisimama juu ya barua ya Daktari, na barua yenyewe ilikuwa na mwisho wake: siku atakayorudi kutoka likizo kwao, aandike nyingine, akipenda. Asipoandika, napandishwa lori narudishwa Embu kuhojiwa, na wako wenzangu niliowaona wakipanda lori lile ambao sikuwaona tena. Kanana, niliyekuwa nimeshaanza kumposa, angebaki Meru. Kwa hiyo nikisema barua, elewa kwamba nasema maisha yangu yote.

Kabla ya kuondoka, Daktari alinipeleka bandani akanionyesha kigari chake. Alisema gari lisipotembea linakufa polepole, kwa hiyo niliinue juu ya mawe magurudumu yapumzike, nifungue waya wa betri, na kila Jumamosi niurudishe, niangalie maji ya betri, niwashe injini robo saa, kisha nifungue waya tena. "Siku nitakayorudi," akasema, "nataka kupiga ufunguo mara moja tu."

Nikasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, kwa kila neno.

Jumamosi ya kwanza nikawasha. Kabla hata robo saa haijafika, homgadi wawili, wale walinzi wa kijiji wa serikali, wakaingia mbio na mikuki kuuliza ni nani anatoroka na gari la Mzungu, na mimi niliyekuwa nikitetemeka nikiona hata kofia ya homgadi nikazima, nikaeleza, nikaeleza tena, wakaenda. Hapo ndipo nilipokata shauri langu dogo: injini siiwashi tena, nitalipangusa tu. Na ule waya wa betri nikauacha ulivyo, umefungwa, maana spana ilikuwa inaniteleza vidoleni (uvivu, basi, nisiufunike). Miezi sita nikalipangusa gari lile mpaka ungeweza kunyolea ndevu mlangoni mwake. Watu wakinisifu, nami nasifika.

Jumatano moja karani wa hospitali akaja na habari kwamba Daktari anafika Jumamosi adhuhuri. Nikakimbia bandani, nikapiga ufunguo. Tik. Nikaomba Mungu, nikapiga tena. Hata hiyo tik haikuja. Nikakaa kwenye kiti cha Daktari, naliona lile lori kabisa, naiona hata nafasi yangu ya kukaa ndani yake.

Nikafungua betri kutazama maji, na kwa haraka niliyokuwa nayo, kifuniko kimoja kikaniponyoka kikaingia kwenye tundu la panya, na hakikutoka mpaka leo.

Alhamisi nikaifunga betri kwenye keria ya baiskeli, nikateremka nayo mjini kwa fundi mmoja Mhindi aliyekuwa na mashine ya kuchaji. Jumamosi asubuhi nikaifuata. Nilivaa suruali yangu ya kaki, moja tu niliyokuwa nayo ya maana, nimeipiga pasi ikasimama wima yenyewe, ili Daktari akishuka akute mtu wa kuandikiwa barua.

"Hii tundu iko wazi," fundi akaniambia. "Tafuta kifuniko yake, wewe. Ndani iko asidi, iko kula nguo."

"Sawa, bwana fundi," nikajibu, huku najiambia, tundu ni kitu gani? Kwetu kibuyu cha uji uliochacha kinazibwa kwa kigunzi cha mahindi, na mama yangu alivuka mito miwili na kibuyu mgongoni kwenda shamba, tone lisimwagike. Nikaokota kigunzi kando ya barabara, nikakikata, nikakitia tunduni, nikakigonga kwa jiwe. Kikakaa barabara! Kisha nikaifunika betri yote kwa majani ya mgomba ili vumbi lisiingie, nikapanda baiskeli nikiwa nimefurahi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Lakini uji haupigwi chaji, wala asidi haina adabu ya uji. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo nililoingia lilinirushia kitu cha baridi huku nyuma, nami nikadhani ni umande wa yale majani. Nilipofika kwenye kizuizi cha chini ya Kaaga, umande ulikuwa umeanza kuwasha.

Pale kizuizini kulikuwa na watu wengi, maana wanawake wa kijiji walikuwa wametolewa kufanya kazi ya lazima, wanachimba mtaro kando ya barabara, na katikati yao nikamwona mama yake Kanana. Mjue kwamba mkwe mtarajiwa kama mimi hakuruhusiwa hata kumtazama mama yule usoni. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia majanini. Nikainamisha kichwa. Tukapanga foleni juani karibu saa nzima, na nyuma yangu kunawaka moto, nami sithubutu kujikuna mbele ya mkwe.

Zamu yangu ikafika. Homgadi mmoja, M'Ikiara, mtu wa sauti kubwa, akafunua majani kwa ncha ya mkuki. Akaona sanduku jeusi lenye vyuma viwili, na kigunzi kinatoa povu.

"Bomu!" akapiga kelele. "Huyu Mwembu amebeba bomu!"

Majembe yakaanguka, watu wakalala mtaroni, askari wawili wakanielekezea bunduki.

"Ni betri! Ni ya Daktari!" nikalia.

"Mikono kichwani! Chuchumaa!"

Nikaweka mikono kichwani. Nikachuchumaa. Na suruali yangu ya kaki, kuanzia kiunoni hadi mapajani, ikaachana bila hata kelele, kama karatasi iliyonyeshewa, upepo wa Kaaga ukanipata pale ambapo haujawahi kunipata hadharani. Ndani sikuwa na kitu (siku hizo nani alikuwa na kitu ndani?). Mikono siwezi kuishusha, bunduki inanitazama. Mwanamke mmoja mtaroni akakohoa, na kukohoa kule kukageuka kicheko cha kijiji kizima. Nililia, sidanganyi. Nilitamani wapige risasi tu.

Ndipo nikasikia hatua. Mama yake Kanana alikuwa anakuja kwangu kinyumenyume, amenipa mgongo, uso ameuelekeza mlimani, anapapasa njia kwa kisigino, na aliponifikia akaifungua leso yake ya juu akairusha nyuma bila kugeuka. "Mufunikeni huyo mtoto ya watu," akawaambia askari, kisha akarudi mtaroni.

Nilikuwa bado nimechuchumaa na leso ya maua wakati lori la kutoka Nanyuki liliposimama, na Daktari akashuka.

Akanitazama. Akatazama baiskeli. "Hiyo," akasema, "ni betri yangu."

Niliachiliwa. Bandani tukalishusha gari kutoka kwenye mawe, akafunga betri, akapiga ufunguo. Gari likasema ngii, ngii, likanyamaza. Akashuka, akatuma mtu kizuizini kumwita M'Ikiara, na M'Ikiara akawaamuru wanawake wote waache mtaro waje kusukuma. Wakasukuma wakiimba, mama mkwe upande ule, mimi upande huu, tumepeana visogo, na kule chini ya mteremko gari likakohoa likawaka.

Alasiri hiyohiyo Daktari akaniandikia barua. Nilipoipokea nikamshukuru mpaka akachoka. Ilikuwa ya Kiingereza, nami Kiingereza sikukijua, nikaikunja nikaiweka kifuani. Pasi ikagongwa muhuri, lile lori la Embu likaondoka bila mimi.

Kesho yake kizuizini askari mmoja aliyesoma akaifungua, akasoma, akawaita wenzake, akawasomea kwa Kiswahili: "Mwenye barua hii ni mwaminifu na mchapakazi. Anaweza kuachiwa kitu chochote isipokuwa betri." Na kwa miaka yote iliyobaki ya Emajensi, kila kizuizi kutoka Meru hadi Embu, nilitoa barua ile kwa mkono wangu mwenyewe, nikasubiri wacheke, wanigeuze nyuma wakague suruali, ndipo nipite.

Kwa hiyo niliapa, na naapa tena leo, betri yoyote, hata ya tochi, siilindi. Nikamwambia Mwenda hivyo, naye akabaki na funguo mkononi haelewi.

Kanana akajifuta machozi ya kicheko, akanyoosha mkono. "Lete hizo funguo kwangu," akamwambia. "Guka yako ako na barua."