Uzi wa Fundi na Picha Yangu

Fundi ameshona katika chumba kile kile cha mbele kwa miaka ishirini na sita. Ukimpelekea mita tatu za kitambaa na nguo ikatoka kwa mbili na nusu, ile nusu utaikuta imekunjwa mfukoni mwa nguo yako. Hasemi. Unaikuta tu. Hilo ndilo lililomjengea jina mtaani, kuliko hata mshono wenyewe.

Dirishani, juu ya miguu ya cherehani mbovu iliyowekewa ubao, alikuwa na vyungu kumi na vinne vya vayoleti, yale maua madogo ya ndani yenye majani ya manyoya. Alizichanganya mwenyewe. Alichota unga wa ua moja kwa sindano butu, akaupaka ua la pili, akasubiri mbegu. Chotara nyingi zilizotoka hazikuwa na lolote, akazigawa. Mwaka wa nne ukatoka mmea mmoja wa peke yake: petali za zambarau iliyokolea, ukingo mweupe mwembamba kama pindo, na petali ya chini imejikunja mbele kama mdomo ulionuna. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe anayeishi naye, alipouona alicheka.

"Huyu si ndiye mimi asubuhi?"

Mmea ukaitwa Wifi Kanuna.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha wapanda maua ya ndani. Tuko kumi na tisa, tunakutana ukumbi wa maktaba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilikuwa karani wa bohari ya hospitali hadi kustaafu, na kuandika kumenikaa mikononi. Chama kina orodha ya maua yaliyozaliwa kwa wanachama. Ili ua liingie, mmea mama hupigwa picha, kisha vitoto vitatu vilivyooteshwa kwa majani yake huletwa vikiwa vimechanua, na lazima vifanane na mama. Mpiga picha ni mimi.

Wifi Kanuna nilimpiga picha chini ya taa ndefu za ukumbini, kwa simu mpya aliyonipa binti yangu, simu niliyoiamini kuliko macho yangu. Miezi kumi baadaye Fundi akaleta vitoto vyake vitatu. Mama mwenyewe alikuwa ameshaoza shina wakati wa mvua. Nikaiweka picha mezani kando ya vyungu. Kwenye picha ua lilikuwa la buluu, kama wino.

"Katibu, vipi, vinafanana?" akauliza mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu.

"Havifanani. Mama ni wa buluu. Hivi ni zambarau, na ukingo wenyewe ni mwembamba zaidi."

Fundi alitabasamu, akidhani natania. "Ukingo ni joto, kaka, kila kiangazi linaupunguza. Lakini buluu? Ua langu halijawa buluu hata siku moja."

"Picha ndiyo hii, dada."

Akafungua mkoba, akatoa kibiringo cha uzi wa zambarau. "Huu niliulinganisha na mama siku ile ile ya picha, hapa hapa, ukiniona. Uweke basi juu ya petali."

Sikuuweka. Nikasema, "Uzi mtu anaweza kuununua jana, Fundi. Picha haina shangazi wa kumpendelea."

Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi walipocheka, maana mimi si mtu wa kuchekesha.

"We Katibu!" Wifi akasimama. "Unataka kusema wifi yangu kabadilisha mmea?"

"Nasema kinachoonekana."

Fundi akarudisha uzi mkobani, akafunga zipu taratibu, akabeba vyungu vyake. Hakuja tena.

Maneno hayana miguu, lakini yalifika dukani kwa muuza vitambaa kabla yangu. "Mpelekeeni," akawa anawaambia wateja, "ila pimeni kwanza. Siku hizi anabadilisha." Utani. Mwaka ule shule iliyokuwa ikimpa sare za kushona ikampa fundi mwingine. Sikuuliza sababu, na kutouliza kwangu nako nakuandika humu.

Miezi mitano ikapita. Siku moja ukumbini nilipiga picha vayoleti yangu mwenyewe, zambarau niijuayo kama kiganja changu. Ikatoka buluu. Sahani nyeupe chini ya chungu nayo pichani ilikuwa na rangi ya maji ya buluu ya kufulia. Nikaitafuta ile picha ya Wifi Kanuna. Sahani ilikuwa vile vile.

Ndipo nikafungua daftari langu la chama, kwenye siku ya picha ile. Mwandiko wangu: "Zambarau iliyokolea. Ukingo mweupe. Fundi ameweka uzi juu ya petali. Umepotea katika rangi, sikuuona tena."

Nilikaa na daftari hilo siku kumi na moja bila kumwambia mtu.

Siku ya kumi na mbili nikaenda. Wifi alikuwa mlangoni. "Karibu, Katibu! Umekuja kupima vitambaa?"

Nikampita kichwa chini, nikamfungulia Fundi ukurasa. Akasoma mara mbili.

"Uliandika."

"Niliandika."

"Na siku ile daftari ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo. Kwapani."

Akakanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akakata uzi. "Basi lisome kwa sauti. Ukumbini, na dukani kwa muuza vitambaa."

Ukumbini nilisoma. Dukani palikuwa na wateja watano. Muuza vitambaa akaniwahi: "Ah, Katibu, ule si ulikuwa utani tu!" Nikasoma hadi mwisho. Mmoja wa wateja aliuliza kama bado kuna kaniki.

Kati ya vile vitoto vitatu, kimoja kilikuwa kimebaki kwake. Nilikipiga picha dirishani asubuhi, karatasi nyeupe ikiwa kando yake, nikarekebisha rangi hadi karatasi ikawa nyeupe kweli. Wifi Kanuna sasa yumo katika orodha, na chini ya picha nimeshona kipande cha uzi kwenye karatasi. Mshono mbaya, wa mkono wa karani.

Fundi hajarudi chamani, wala sare hazijarudi kwake. Mwezi uliopita nilimpelekea suruali anipunguzie urefu. Alinipokea kama mteja yeyote. Nilipoivaa nyumbani nikaingiza mkono mfukoni. Vile vipande viwili alivyokata miguuni, visivyofaa hata kwa kiraka, vilikuwa vimekunjwa humo.