Marehemu Amesimama Nyuma Yako

Jumapili nilimkuta jirani yangu wa Kaaga, anayechapa programu za mazishi nyumbani kwake, akipigana na kompyuta. Alikuwa anafuta faili na mashine inakataa, eti faili imefungwa. Nyuma yake walisimama mjomba wake, aliyetoka hospitali juzi, na mke wa mjomba, chai mkononi. Kwenye skrini niliona "Wasifu wa Marehemu" na jina la mjomba!

"Mjomba, daktari alituambia hutapona," jirani akanong'ona.

"Wachana na kufuta," mzee akasema. "Umeandika nina bibi mmoja. Ongeza yule wa Mikinduri."

"Yupi wa Mikinduri?" mkewe akauliza, kikombe kikamponyoka.

Kompyuta ilipozimwa na kuwashwa tena, faili ikakubali kufutwa. Mimi ningeihifadhi kwanza, huenda ikahitajika. Yule mama bado hajapoa.