Mahudhurio ya Kinamasi

Ushirika wa kahawa ulipopunguza wafanyakazi, karani mmoja alishuka kutoka milimani Mbinga hadi ziwani, akaajiriwa na mradi wa wafadhili kuhesabu mimea ya kinamasi. Edina, mwenye bustani ya magimbi hapo kando, alimwona kila asubuhi amekunja suruali, viatu vimening'inia shingoni. Alisimama majini, akakohoa, akaita majina daftarini kama mwalimu wa zamu. "Mafunjo! Matete! Ndago!" Kila alichokiona alikiwekea tiki. Yungiyungi likichelewa kufunua ua, alilisubiri bila kinyongo, huku akipangusa tope kwenye majani yake kwa kidole gumba.

Siku moja aliita "Njano Mdogo!" mara tatu, jina alilolipa mmea mmoja wenye vijiua vya njano, asiuone. Edina akasimamisha jembe. Jana yake aliung'oa mmea huo, uliobaki mmoja tu, akipanua tuta, na mradi ulishaonya kwamba mharibifu atanyang'anywa bustani.

"Shikamoo baba. Huyo ametoka kidogo."

"Marahaba. Aliaga?"

"Hakuaga. Yuko kwangu." Akautoa kwenye rundo la magugu, umenyauka, mizizi ingali na tope.

Karani aliupokea kwa mikono miwili, akachimba kwa kalamu, akaupanda. Kisha akaandika, akitamka kila neno: "Mgonjwa. Anauguzwa na Mama Edina." Akafunga daftari. "Kesho nikiita, kama hana nguvu, umwitikie."

Kesho yake, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakifua, Edina aliitika kwa sauti: "Yupo! Amekunywa maji kidogo."