Sahani Yangu Ilipitia Mikono ya Pétronille

Pétronille alikulaka chakula yangu mwaka muzima, kisha akanicheka mbele ya watu juu ya tumbo yenye ilikosa ile chakula. Watu wa kanisa wananiambia: "Mama Ninahazwe, achia Mungu." Namna gani nimuachie Mungu? Ile njaa ilikuwa yake? Ilikuwa yangu minye.

Pétronille ni dada ya bwana yangu wa kwanza, Libérat. Mwaka 1998, vita ilipoingia mu bonde ya Ruzizi, tulikimbia wote kupanda ku milima ya Lemera: baba mukwe wangu muzee Havyarimana, Libérat, Pétronille mwenye alikuwa hajaolewa bado, minye, na mutoto wangu Ninahazwe wa miaka tano. Wenyeji walitupa kanyumba kamoja. Chumba kimoja, mulango mumoja. Hapo njo shida yangu ilianzia.

Kwa watu wa bwana yangu, muke mwenye kuolewa hakuli mbele ya baba mukwe. Ata kutafuna punje ya mahindi, hapana. Kule bonde haikuwa neno, nilikuwa na jikoni yangu, nakula peke yangu mpaka nashiba. Lakini ku Lemera muzee alikaa mu nyumba kutoka asubui, miguu inamuuma, mvua inanyesha. Basi nilipika, nikaacha chungu mu nyumba ipakuliwe, nikatoka inje kukaa chini ya ukingo wa paa na kuku za watu. Nani alikuwa ananiletea sahani? Binti ya nyumba. Pétronille.

Aliniletea majani. Sombe yenye haikuonja mawese, lengalenga, siku ingine maji ya maharagi. Bugali, kipande kama ngumi ya mutoto. Na ile chungu nilipika minye! Nilijua zile samaki ndogo, ndagala, ziliingia ngapi, nilijua mawese ilimwangwa kiasi gani.

"Wifi, ndagala ziko wapi?"

"Zimeisha. Baba alikuwa na njaa."

Na midomo yake inang'aa mafuta.

Siku moja nilizunguka nyuma ya nyumba, nikamukuta amechuchumaa na sahani yangu ku magoti, anasukuma bugali mu kinywa kama muntu anaziba tundu ya panya. Aliniona. Hakusimama. Akatafuna, akameza, akaninyooshea majani yenye ilibaki.

"Unaniangalia nini? Enda basi umuambie baba."

Alijua siwezi. Muke akimuambia baba mukwe "niko na njaa mu nyumba yako", amemutukana, na wazee wake wa mu kaburi amewatukana. Nilimuambia Libérat. Akanijibu: "Mambo ya wanawake na vyungu, musiniingize." Ile mwanaume masikio yake ilikuwa ya kupamba kichwa tu.

Na kazi haikungojea. Kila siku mbili nilishuka na wamama wengine mpaka chini, tukapandisha mihogo, muzigo ku mugongo, kamba ku kipaji cha uso, kutoka alfajiri mpaka jua kati. Mwili yenye haikuli inafanya nini? Inajikula yenyewe. Matiti ilienda ya kwanza. Kisha matako, mapaja, na mafuta yenye mimba ya Ninahazwe ilikuwa imeniachia ku tumbo. Siku moja naoga, naangalia chini: tumbo imegawanyika. Mawe matatu huku, mawe matatu huku, na mufereji katikati.

Wasichana wa leo wanatafuta ile tumbo, niwaambie siri yake. Ile nyama kila muke iko nayo, amezaliwa nayo. Inajificha tu chini ya mafuta. Punguza bugali, ondoa mawese, panda mulima, itatokea kama mawe ya mutoni wakati wa kiangazi. Lakini mwili haiko mujinga. Ikiona chakula haiingii kabisa, mulango yenye inafunga ya kwanza ni ile ya watoto. Damu yangu ya mwezi ilikatika. Miezi mbili, miezi tatu, mpaka tano, na mimba hakuna.

Pétronille njo alinitangaza. Tulikuwa ku mutoni na wanawake wa kijiji, nimevua kikwembe nioge. Akapiga kelele:

"Mayee! Mukuje muone! Kaka yangu ameoa soda!" Soda, kwetu, ni askari. "Angalieni hii tumbo! Wifi, bunduki yako umeificha wapi?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa mu maji. Nilijifunika. Ningesema nini? "Weye njo ulinichonga hii tumbo na meno yako"? Mbele ya wageni wenye walitupa nyumba?

Hakuishia hapo. Alienda kwa Libérat na kwa muzee, akawaambia: damu yake imekatika, mimba haiko, tumbo imekuwa ya mwanaume, huyu muke anakunywa majani ya kufunga kizazi, hataki tena watoto ya ukoo wetu. Wakakaa kikao. Niliitwa kujibu, nimepiga magoti, macho chini. Nikasema: "Sikukunywa kitu." Muzee akauliza: "Basi ni nini ilikausha tumbo yako?" Jibu ilikuwa imekaa kando yake, imefunga kikwembe kipya. Sikuitaja. Nilimeza ile jibu.

Wakanirudisha kwa kaka yangu, kule Nyamianda. Mutoto wakabakia naye. Ninahazwe alilia akinishika kikwembe, na Pétronille njo alimufungua vidole, kimoja kimoja.

Kwa kaka yangu nilikula. Hatukuwa matajiri, vita ilikuwa kila fasi, lakini muke wa kaka aliweka chungu katikati na akasema kula. Miezi ine, damu ikarudi. Mwaka wa pili nikaolewa na Toussaint, mwenye alikuwa anavua ndagala, nikamuzalia watoto watatu. Pétronille alinikuta sokoni na mimba ya kwanza. Aliangalia tumbo, akaangalia ndizi, akauliza bei ya ndizi. Nilingoja aende kusema kwao kama alidanganya. Wapi! Walisema: "Munaona? Ameacha ile dawa. Ni watoto wa Libérat tu njo hakutaka."

Na Ninahazwe akakomaa na ile maneno. Libérat alikufa, muzee alikufa, Pétronille akamulea. Mutoto wangu akawa mwanamuke, anauza vikwembe Kavimvira, karibu na mupaka, na tukikutana kwa njia ananisalimia "bonjour mama" kama muntu wa duane, wa kodi ya mupaka, anayeangalia mizigo. Siku moja nilimushika mukono. Akautoa polepole. "Mama, uliua wadogo zangu na majani. Uniache." Basi. Miaka makumi mbili na zaidi, hakukanyaga mulango wangu.

Sasa mwaka jana, vita tena mu bonde, mihogo haishuki, soko imekauka, nasikia Aline, binti ya Pétronille, anakataa bugali. Mutoto wa kushiba kabisa! Eti iko mu rejime, anajinyima chakula apunguke. Iko na mwanaume mu telefone anayewafundisha wasichana kutoa abdo, ile mawe ya tumbo: asubui yai ya kuchemusha, saa sita kabichi na samaki bila mafuta, magaribi maji na ndimu. Na kupanda ngazi, na kuinuka-kuinuka ku mukeka. Nilisikia hasira mpaka kichwa ikaniuma. Kitu yenye ilinifukuzisha kwa bwana, huyu anaitafuta kwa kupenda!

Na aliipata. Abdo sita, akapiga na foto. Lakini alikuwa amechumbiwa na Jean-Berchmans, na ile foto ilifika kwa mama ya kijana, Apollinarie. Tena Aline aliambia rafiki kama miezi ine haoni damu, na rafiki kazi yake ni kubeba maneno. Apollinarie akatuma habari: tunakuja kuongea, hatuwezi kuoa muke mwenye anakunywa dawa ya kufunga kizazi.

Asubui ya ile siku, Aline iko ku mulango wangu, amekonda kama fimbo.

"Mama mukubwa, mama anakuita. Anasema weye tu njo utatuokoa."

"Minye? Kumuokoa Pétronille? Hewa imemuishia?"

"Amewaambia kuna muke yenye alikuwa hivi ku Lemera juu ya chakula kidogo tu, na kisha akazaa watatu. Hawamuamini. Wanataka kukuona na macho."

Nilikaa chini. Kumbe alijua ni njaa njo ilinikausha. Siku zote alijua. Na sasa ananitafuta niwe mushuhuda wake! Nikafunga kikwembe changu kizuri.

"Twende," nikamuambia. "Mutanisikia."

Mu parseli ya Pétronille, kiwanja ya nyumba yake Kavimvira, walikuwa wamepanga viti. Apollinarie na dada yake walikaa kivulini, mikoba ku magoti, sura za watu wenye wanataka kurudi nyumbani. Na mwenye anapeana viti ni Ninahazwe. Vizuri. Nilitaka awe hapo.

"Karibu, wifi," Pétronille akasema. Amezeeka, meno imepunguka.

"Wifi ya nani? Libérat alikufa."

"Waambie tu vile ulizaa."

"Nitawaambia. Lakini weye njo mwenye nyumba, anza. Ku Lemera, minye nilikunywa dawa ao sikukunywa?"

"Aa, mambo ya zamani..."

"Aline, mwanangu, inua mama yako. Sauti yake haitoki akikaa."

Apollinarie akamuangalia. "Mama Aline, jibu. Hatukukuja kulala hapa."

Pétronille akasema chini-chini: "Hakukunywa."

"Nini ilinipa ile tumbo?"

"Njaa."

"Njaa ilitoka wapi? Muzee alikula, Libérat alikula, na weye ulikuwa unanenepa, mu vita! Sahani yangu ilipitia mikono ya nani?"

"Yangu."

"Na uliifanyaka nini?"

Akaangalia Aline. Akaangalia wageni. Kama akinyamaza, ndoa ya binti imekufa. Nilimuona anapima, kama vile alinipimiaka bugali.

"Nilikuwa nakula."

"Sema nguvu."

"Nilikuwa nakula chakula yake! Nikamuachia majani. Na ile habari ya dawa niliitunga minye, juu nilijua siku moja atasema."

Dada ya Apollinarie akapiga mikono: "Yesu!"

Ninahazwe alikuwa amesimama na kiti ku mikono.

"Shangazi. Uliniambia aliua wadogo zangu."

"Nilikuwa mutoto, Ninahazwe, vita ilikuwa..."

"Ulikuwa na miaka makumi mbili na mbili," nikamukata. "Minye nilikupita moja tu."

Kisha nikageukia Apollinarie, juu Aline hakunikosea kitu. "Mama, huyu mutoto haiko na dawa yoyote. Iko na njaa. Minye nilizaa watatu kisha ya ile tumbo, wawili wako Nyamianda, enda uwaone. Arudilie bugali, mawese, ndagala na vichwa vyake. Na mumupeleke kwa muganga wa kweli amuangalie. Musimupeleke kwa watu wa majani." Na Aline nikamuambia: "Ukitaka mistari ku tumbo, itafute. Lakini ukiona damu imekatika, jua umepita kipimo, urudi ku chungu haraka. Ile ya telefone haitakuzalia."

Apollinarie akaomba maji ya kunywa, na mwenye kuvunja uchumba hakunywi maji ya ile nyumba. Nikajua ndoa imepona.

Pétronille analia, akaninyooshea mukono. Niliuangalia mpaka akauchoka mwenyewe, akaushusha. Nimusamehe juu amesema ukweli kwa faida ya binti yake? Akinikuta kwa njia, anipishe.

Nilipotoka, Ninahazwe alitoka nyuma yangu. Hakuomba radhi, na sikumuomba aombe. Tulitembea kwa miguu mpaka Nyamianda, jua kali, yeye upande wa barabara. Tulipokaribia kwangu njo alifungua kinywa, akaniuliza wadogo zake watatu wanaitwa nani.

Nikamutajia, mumoja mumoja.